Mzee Bedan Njau na Mlango wa Upande

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki ninayeketi naye darasani: mimi si mtoto wa pekee. Nilikuwa na dada mdogo. Angeitwa Nafuna, kama nyanya yetu. Shuleni wakiniuliza nasema tuko mimi tu, na nyumbani hapa Kamenu jina hilo halitajwi.

Sasa nianze inavyotakiwa. Mzee Bedan Njau anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na saba katika hospitali yetu hapa Thika na kliniki yake ya Ruiru. Wafanyakazi wa chumba cha kufulia, anakofanya kazi mama yangu, ndio walionitwika wasifu huu. Walimwambia, "Mourine, Kiswahili chetu ni cha sokoni. Huyo Viola wako si anapata A? Aandike." Mama akakubali kwa niaba yangu. Mimi hata kusalimia wageni naona haya, sembuse kusomwa mbele yao.

Mzee Bedan aliajiriwa kupaka kuta rangi, basi. Lakini kila siku aliona watu wakizunguka korido na karatasi ya daktari mkononi. Wengine hawakujua kusoma, wengine walisoma lakini si Kiingereza cha milangoni, na wengine walikuwa wagonjwa tu, macho hayashiki herufi. Akaanza kuchora. Jino kwa mlango wa meno, jicho kwa wa macho, na mstari wa kijani sakafuni wa kukufikisha kwenye dawa.

Kila mchoro aliupeleka kwanza nje langoni, kwa wauza mayai na watu wa boda. Hakuwaeleza kitu. Aliuliza tu, "Unaona nini hapa?" Wakikosea, alirudi kuchora upya. Mchoro wake wa kwanza wa eksirei ulikuwa mkono wa mifupa mitupu. Muuza mayai aliruka: "Ngai! Mzee, kwani hapo ndio mochari?"

Kwa vyoo alichora mwanamume wa suruali na mwanamke wa gauni refu. Langoni wote walipata, lakini langoni hakukuwa na mtu wa kanzu. Siku ya kwanza tu, babu mmoja mwenye kanzu safi aliingia kwa wanawake bila wasiwasi wowote, na kelele zikasikika hadi jikoni. "Lakini huyo hapo mlangoni si mimi?" alijitetea. Mzee Bedan alimwomba radhi, na kufikia jioni mchoro ulikuwa umebadilika.

Yeye na fundi Gichuru ndio waliojenga njia ya kwanza ya viti vya magurudumu. Mzee Bedan aliazima kiti ili aijaribu mwenyewe, akashuka nacho kwa kasi, akaishia ndani ya maua ya matroni. "Bomoa," alimwambia Gichuru akiwa bado amelala kwenye maua. "Hii itaua mtu."

Ningeweza kuishia hapo, na watu wangecheka na kupiga makofi. Lakini kazi yake kubwa kuliko zote itakuwa haijatajwa.

Wodi ya kina mama ina mchoro wa mwanamke aliyempakata mtoto. Ni mzuri sana. Nilikuwa na miaka tisa siku mimi na baba tulipokwenda kumchukua mama. Begi la baba lilikuwa na shali ya mtoto, bado imekunjwa. Njia ya kutoka ilipita chini ya mchoro ule, na mama alipouona alisimama.

"Twende, Mourine," baba alisema polepole.

Mama hakusogea. Watu walitupita kando. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Mzee Bedan alikuwa juu ya ngazi hapo karibu, brashi mkononi. Alishuka, akaisogeza ngazi, akapanda tena, akavua koti lake la kazi na kulitundika juu ya mchoro. "Pole, mama. Pita sasa," akasema bila kutugeukia. Tukapita.

Yaliyofuata nimeambiwa wiki hii na Nzilani, anayefua pamoja na mama. Alinong'ona, "Mamako akijua ni mimi nimekwambia, mimi na wewe basi." Anasema mama aliporudi kazini, Mzee Bedan aliingia na ubao, akaulaza juu ya meza ya kupigia pasi. Ulikuwa na mchoro wa mtu anayetembea na mwingine aliyemshika bega.

"Mama Viola, unaona nini hapa?"

Mama aliangalia mpaka pasi ikaunguza shuka. "Naona mtu anasindikizwa nyumbani."

Ubao huo haukupelekwa langoni. Uliwekwa kwenye mlango wa upande wa wodi, na mstari wa bluu ukachorwa kutoka hapo hadi nje. Tangu siku hiyo, wanaotoka mikono mitupu hutolewa kwa mlango huo.

Sasa alama zote zinabadilishwa. Meneja mpya aliuliza mchoro wa mlango wa upande ni wa nini, na hakuna aliyejibu. Wote walimtazama mama, mama akatazama chini. Basi mchoro utaondolewa, na mlango ufungwe, nafasi yake iwe stoo. Ijumaa meneja ataketi safu ya mbele wasifu huu ukisomwa. Lakini siwezi kuueleza mlango bila kumtaja Nafuna.

Mzee Bedan, asante kwa lile koti. Wenzako wa kufulia wanakuombea asubuhi zisizo na haraka, chai ya moto, na magoti yatakayopumzika kupanda ngazi. Uende salama, ukae vizuri.

Nasikia slipa za mama kwenye korido. Siku zote hizi nimekuwa nikiifunika karatasi hii kwa kitabu cha Jiografia kila akikaribia. Leo naiacha wazi mezani. Mkilisikia jina la Nafuna Ijumaa, jueni mama alilisoma kwanza, na hakulifuta.