Wasifu wa Mwalimu Audax Kaijage, Mpiga Picha wa Mawingu ya Nyota

Mwalimu Audax Kaijage alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lauriani na Mama Paskazia.

Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha akahitimu ualimu mwaka 1996. Mwaka 1998 aliletwa hapa Kanga, kisiwani Mafia, kufundisha Fizikia. Wadogo zake tulimpa miaka miwili awe amerudi. Alikaa ishirini na saba.

Mwaka 2001 alifunga ndoa na Getrude, muuguzi, wakajaliwa binti, Blessing.

Kamera aliinunua kwa ajili ya picha za pasipoti za wanafunzi. Januari 2014 aliielekeza angani, akaona doa la waridi katikati ya kundi la nyota la Jabari, yaani Orion. Alifuta lenzi kwa shati mara tatu, kisha akaita, "Mama Blessing, njoo! Doa hili halifutiki!" Lilikuwa nebula, wingu la gesi ambamo nyota huzaliwa, na mwanga wake ulikuwa umesafiri miaka elfu moja na mia tatu kuja kutua Kanga. Mdogo wake Valence, anayewasomea haya, alipoelezwa aliishiwa maneno, jambo ambalo wanaomfahamu watalishangaa.

Kwa kuwa nyota hazitulii, kila picha ilichukua sekunde chache tu. Alipiga mamia, akayaunganisha kwenye kompyuta hadi wingu lijitokeze.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitaka jambo moja tu: kumaliza picha ya nebula ya Karina, upande wa kusini, kabla ya masika. Ilihitaji usiku usio na mbalamwezi, na huo ndio usiku wa wavuvi wa dagaa na taa zao kali zinazofifisha nyota. Alimsimulia jirani yake, Nahodha Mfaume, bila kumwomba lolote. Tarehe 27 Februari taa zote baharini zilizimwa. Simu ikaita, ni Nahodha: "Mwalimu, piga picha zako. Dagaa wapo hata kesho." Mwalimu alilia. Alipiga picha mia tisa akiwa kitini, amejifunika blanketi.

Alifariki nyumbani Kanga tarehe 19 Machi 2025, kabla hajaziunganisha. Ameacha mjane, binti, wadogo wanne na wanafunzi wasiohesabika.

Juzi, hapa msibani, Blessing aliziunganisha. Nahodha Mfaume aliitazama picha, akasema, "Subhanallah. Kumbe haya yapo juu yetu siku zote!"

Imechapwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi. Marehemu hakuwahi kuiona. Itazameni kwa niaba yake, naye apumzike kwa amani.