Roswitha Jentsch na Nafasi Yake Katika Mstari wa Alto

Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, Roswitha Jentsch alipofumba macho nyumbani kwake Zittau, waliokuwepo ni binti yake Annegret, mjukuu wake Frauke pamoja na mtoto wake mchanga, na jirani yake Bi Edeltraud Pohle, aliyekuwa amemshika mkono tangu alfajiri.

Marehemu alizaliwa hapa Zittau tarehe 14 Machi 1941, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1955, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha kitani huko Großschönau, ambako kwa miaka thelathini na sita alisimamia mashine za kufuma, na kwa kuwa zilipiga kelele kupita kiasi, alijifunza kuimba kwa nguvu ili ajisikie mwenyewe.

Mwaka 1961 alijiunga na kwaya ya mtaa, iliyokuwa ikijifunza nyimbo kumi na mbili za mapenzi za sauti nne, zinazosindikizwa na watu wawili kwenye piano moja, na nyuma yake aliketi Gotthard, mwimba besi, aliyemhemea shingoni hadi akageuka na kumwuliza, "Wewe kaka, unaimba au unapoza uji?" Walifunga ndoa tarehe 18 Mei 1963, wakajaliwa watoto wawili, Annegret na marehemu Jochen.

Mwaka 2019 Gotthard alikuwa amepoteza kumbukumbu, hata majina ya watoto yalimtoka, ila sauti yake ya besi katika nyimbo zile ilibaki, na kwaya ilipotangaza kuziimba tena, marehemu alitaka jambo moja tu, mumewe amsikie akiziimba. Ndipo kamati ikaweka sharti kwamba kila aliyevuka miaka sabini aimbe peke yake mbele ya watu watatu, apimwe kama bado anafaa. Marehemu hakwenda kupimwa, alikwenda mazoezini, akaketi mahali pake.

"Bibi Jentsch, jina lako halimo kwenye orodha," alisema mwalimu wa kwaya.

"Basi liandike, kalamu si unayo?"

"Sheria ni sheria, bibi."

"Mwanangu, sauti hii imeshindana na mashine mia mbili, itaogopa meza ya watu watatu? Wewe anzisha wimbo."

Alinyimwa nakala ya noti, lakini Bi Edeltraud, aliyeimba alto pia, alisogeza kiti chake, akaifungua yake katikati yao wawili, na safu nzima ya alto ikakataa kuimba hadi marehemu aimbe nayo. Tarehe 16 Juni aliimba, Gotthard akiwa kiti cha mbele, na wimbo wa tano ulipofika mzee akaingia na besi yake, kwa wakati wake, neno kwa neno, akimtazama mkewe. Gotthard alifariki mwaka uliofuata.

Marehemu alianza kuugua moyo Oktoba 2023, na hata hivyo alihudhuria mazoezi hadi wiki ya Krismasi.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi aliyevua viatu mlangoni ili asimwamshe mtoto, majirani walioleta supu, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na wanakwaya wote, kamati ikiwemo.

Bibi yetu, pumzika, hakuna atakayekuinua mahali pako.

Jumanne wiki hii Bwana Wieland Kretzschmar, mwenye miaka sabini na miwili, aliitwa akapimwe sauti, naye akaupita mlango wa chumba cha kupimia bila kuingia, akaenda kuketi na wenzake wa besi.