Gaudiosa, Aliyepima Njia Hadi Makaburini Kwetu

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani na ndugu waombolezaji, mimi ni Samson, mdogo wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma habari za maisha yake, na nitazisoma zote, pamoja na zile zisizonipendeza mimi mwenyewe.

Dada yetu Gaudiosa Mathayo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 hapa kijijini Ulaya, wilaya ya Kilosa, mtoto wa kwanza wa mzee Mathayo Herman na mama Magreti, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari mjini Morogoro, na mwaka 1994 akapata stashahada ya upimaji ardhi, akapima barabara na viwanja hadi buti zake zikajulikana kila kijiji. Tarehe 9 Oktoba 1999 alifunga ndoa Mikumi na shemeji yetu Lupakisyo, wakajaliwa watoto wawili, Innocent na Happiness.

Mwaka 2022 kampuni yake ilipewa kazi ya kulinganisha njia tatu za tawi la reli ya mwendo kasi kutoka Kilosa hadi Mikumi, ya kwanza ikipita bondeni kwa gharama ndogo kuliko zote, ya pili ikitoboa milima kwa mahandaki, gharama mara tatu, na ya tatu ikipanda mwinuko wa Ulaya, kwa bei ya kati. Dada alipima kiangazi, akapendekeza bondeni. Mfugaji Koileken, ambaye yuko nasi hapa, alimwambia kwamba masika yeye halazi ng'ombe pale, basi dada akarudi Aprili, akakuta vigingi vyake vyote vimekwenda na maji. Alipoongeza madaraja na matuta ya kuzuia mafuriko, bei ya bondeni ikaipita ya Ulaya. Wakubwa wake walitaka taarifa ibaki ilivyo, yeye akaandika ukurasa wa kwanza kwamba alikosea, akatia sahihi, na njia ya Ulaya ikapitishwa.

Njia hiyo inapita juu ya makaburi yetu, alipolala baba. Wazee walikataa kuyahamishia eneo jipya lililotengwa, na aliyepaza sauti kuliko wote ni mimi, nilimwita msaliti, nikakaa miezi kumi na minne bila kumwamkia, mimi niliyemwamkia tangu nilipojua kusema. Hakusogeza mstari hata hatua moja, kwa maelezo kwamba kumkwepa baba yetu ni kwenda kumfukua baba wa mtu mwingine.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Januari aliniita Mikumi, nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Samson, wazee wanaogopa kwenda mahali wasipokuwa na mtu wao. Mnizike kwenye eneo jipya, mimi nitangulie."

Alifariki tarehe 4 Machi 2025 hospitalini Mikumi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza kutoka barabarani, majirani wa Ulaya, Waislamu na Wakristo, waliopika tangu juzi, na Koileken aliyeleta ng'ombe bila kuombwa.

Dada, jana wazee walikaa, wakakubali makaburi yahamishwe. Baba atahamishwa Juni, na nafasi yake tumeiacha hapo kulia kwako. Shikamoo dada, pumzika kwa amani, wenzako wanakuja.