Funguo Mbili: Maisha ya Kaka Yetu, Mshika Lango la Mfereji na Visima

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 upande wa mferejini, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Alianza shule mwaka 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972. Hesabu alizipenda, kuimba hakuweza.

Mwaka 1982 alioa upande wa visimani. Wakati ule pande hizi mbili hazikuaminiana hata kidogo. Mwaka uliofuata ukame ulituchapa, ikaamuliwa maji yote yawe na mshika funguo mmoja: mto ukija, wote watumie mfereji na pampu zifungwe ili visima vijae, mto ukikauka, pampu zifunguliwe. Wa mferejini walisema, "Huyu ni mwanetu." Wa visimani wakajibu, "Na kwetu ni shemeji." Akapewa ufunguo wa lango na ufunguo wa pampu, kwa msimu mmoja tu. Msimu huo ulichukua miaka arobaini na moja.

Kila asubuhi alishusha kisimani kamba yenye mafundo. Maji yakishuka chini ya fundo la tisa, pampu zilizimwa, hata kama ni za mkwewe. Alizoea kusema, "Mto na kisima ni ndugu wa tumbo moja. Ukimnyonya mmoja, mwingine anakonda."

Mwaka 2005 alisafiri wiki mbili kumwoza binti yake wa kwanza. Nyuma huku watu walivunja kufuli zote mbili, kila upande ukisema tuwahi kabla hajarudi. Visima vitatu vikageuka chumvi, na michungwa ya mama mkwe wake ikakauka yote. Tangu hapo hakulala tena nje ya kijiji. Watoto wa binti huyo aliwajua kwa picha. Mkewe alimtania, "Mume wangu, si ungeoa lango tu?" Naye akamjibu, "Lango halipigi kelele, mama." Wakacheka, lakini safari haikuwapo.

Februari 2023 figo zilianza kumsumbua. Daktari alitaka alazwe mjini miezi miwili. Uliitishwa mkutano, akauliza, "Nani atanishikia?" Watu wote walitazama miguu yao. Mdogo wake naye alitazama miguu yake. Marehemu akazirudisha funguo mfukoni, akaenda kupima kisima.

Alipopelekwa hospitali mwaka huu, muda ulikuwa umepita. Kitandani alimshika mdogo wake mkono. "Wakikupa hizi, kataa. Niapie."

"Naapa, kaka."

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa kumi alasiri.

Alhamisi asubuhi mto ulikuja, maji mekundu, na pampu zilikuwa bado zinanguruma. Wa mferejini walisimama upande mmoja wa ua wa marehemu, wa visimani upande wa pili, nyundo mikononi. Funguo zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari wake, nyuma ya mlango. Pampu zilifungwa saa mbili kamili, na lango likafunguliwa. Aliyefanya hivyo ni mdogo wake.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba na mdogo wake mmoja, ambaye anaomba asamehewe kiapo chake.

Kaka, pumzika kwa amani. Leo asubuhi kamba imesoma fundo la sita.