Ndoo ya Maji ya Veridiana

Niinueni kidogo. Gideoni, sogeza mto huo mgongoni. Loveness, kaa hapa mkono wangu ukufikie. Sikilizeni wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia neno mara mbili.

Shamba la mikorosho nawaachia ninyi wawili, lakini nusu yake, ile ya upande wa bondeni, si yenu na haikuwa yangu. Ni ya mdogo wangu Veridiana, mama yenu mdogo, aliyepewa na mama yetu siku ileile niliyopewa mimi. Miaka ishirini na sita nimeokota korosho zake, na kila msimu nikiinua mgongo naitazama njia.

Gideoni, ulikuwa na miaka mitano. Kiangazi kile ulikwenda kucheza kwake, akakurudisha mgongoni unalia, vipele mwili mzima, macho yamefumba kwa kuvimba, umelowa chapachapa. Alikuwa amekumwagia ndoo nzima ya maji aliyoipandisha kichwani kutoka bondeni, na hapa Newala mnajua ndoo ya maji ilikuwa nini. Mimi nikamkemea mbele ya majirani: "Umemwogesha dawa gani mwanangu? Huna mtoto, ndiyo maana unamtaka wangu!"

Akasema, "Dada, ni upupu. Umetambaa kwenye ua wa mpakani. Njoo uone."

Sikwenda kuona. Upupu niliujua, nani huku asiyeujua? Lakini sikuwahi kuuona ukimfumba mtu macho, na hasira ilikwisha kunitangulia. Nikamwita mchawi. Wiki haikuisha akafunga mzigo wake, akashuka kwenda Masasi.

Kiangazi kilichofuata nilikata kuni kwenye ua uleule. Upepo ukavuma, nikaanza kuwashwa shingo, nikajikuna mpaka damu, na macho yangu nayo yakavimba yakafumba. Nikakaa chini peke yangu nikalia, wala si kwa kuwashwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kumfuata, aibu ilinishinda. Safari moja nilifika mpaka kwake Mkomaindo, kulekule Masasi, nikamwona amenipa mgongo, anakaanga vitumbua barazani, anaimba ule wimbo wa mama wa kutwangia. Nikarudi stendi na karanga nilizomletea. Hata leo nikisikia kinu cha jirani, nageuza kichwa nikidhani ni yeye.

Kwa hiyo wafundisheni wajukuu zangu, wamekulia mjini hawajui. Upupu hutambaa na kupanda miti, majani yake matatu matatu kama ya maharage, maua ya zambarau. Ganda limejikunja, limevaa manyoya ya rangi ya dhahabu, linapendeza, na mtoto hupenda kushika kinachopendeza. Likikauka msilipitie upande unakoelekea upepo. Ung'oeni wakati wa mvua, kabla haujazaa. Ukimpata mtu, asijikune, asijifute kwa nguo; avuliwe, amwagiwe maji mengi. Hivyohivyo alivyofanya Veridiana. Na ganda bichi la korosho msilipasue kwa meno, mafuta yake hubabua midomo. Lakini mtoto akivimba, kwanza katazameni ua, ndipo mmtazame mtu.

Jana Loveness alimpigia simu, akaniwekea sikioni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Veri, ulikuwa upupu."

Akasema, "Nilikwambia, dada." Nikamsikia analia. "Usiende popote. Kesho napanda basi."

Basi la Masasi... limekwisha kupita? Bado? Haya.

Gideoni, kampokee stendi, mbebee mzigo, mwambie shikamoo mama, wala usimweleze habari zangu njiani. Mpeni chumba cha mbele. Mipaka ya shamba akaioneshe mwenyewe, na atakaposema ni hapa, iwe hapo. Akinikuta... vizuri. Asiponikuta, msiwaite wanawake wengine kwanza. Mwili huu auoshe yeye. Mpeni maji... mengi, msimpimie.

Mungu awatunze wanangu. Mkae pamoja... mkigombana, mwulizane kabla ya... Loveness, mama, nishike. Laleni kwa amani, na watoto wenu... awabariki...

Fungueni mlango. Nataka nimsikie akibisha hodi.