Waya Juu ya Kibanja cha Datius

Benchi la nje ya duka la ushirika pale Nshamba halikuhitaji birika wala vikombe. Kahawa ya kijiwe hicho ilitafunwa. Ilikuwa kamwani, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, na ilikaa kwenye kijikapu kidogo kilichozunguka kutoka paja hadi paja. Mwaka huo wa sabini na tatu, waliokuwa na haki ya benchi walikuwa wanne. Mushumbusi alipima kahawa ya wakulima kwenye mizani ya ushirika, kwa hiyo aliitwa Kilo. Ishengoma aliitwa Taarifa, kwa sababu habari ilimfikia kabla haijatokea. Rutashobya alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mtu mwenye cheo hahitaji jina lingine. Wa nne alikuwa Mwijage, fundi wa redio, ambaye Nshamba nzima ilimwita Volti. Siku hiyo Volti alikaa ameipa barabara mgongo, maana ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanja cha Datius, na juu ya migomba ya Datius kulikuwa na waya.

Kilo aliweka redio yake mapajani. Ilikuwa imefungwa kamba ya mgomba, na ilikuwa inakoroma.

— Volti, waitu, ndugu yetu, hii si uliitengeneza juzi tu? Isikilize. Inanikumbusha baba mkwe akishiba rubisi, pombe yetu ya ndizi.

— Betri, — alisema Volti bila kuitazama.

— Betri nimezianika juani kama ulivyoniambia. Hata kuku nimewafukuza.

— Basi ni ule waya.

Neno lilimtoka lenyewe, na likishatoka akaliona tamu. Wote watatu waligeuka kuutazama waya wa shaba uliotoka kwenye mti wa msizi, ukapita juu ya migomba, ukaishia kwenye mlingoti nyuma ya nyumba.

— Waya wa Datius na redio yangu wapi na wapi? — aliuliza Kilo.

— Unakula sauti. Sauti inatoka Dar es Salaam nzima nzima, inakuja kwako. Inafika hapa juu, inakutana na shaba, inanata. Kwako yanashuka makapi.

Volti alijua fika kwamba huo ni uongo mtupu. Alikuwa ameshika chuma cha kulehemu tangu bendera mpya haijachakaa, na alijua waya wa jirani hauli sauti ya mtu. Lakini wivu ulikuwa umemkaa kifuani, hashibi halali vizuri. Yeye na Datius walipata kipaimara siku moja. Yeye ndiye aliyemfundisha Datius kulehemu, walipokuwa wanabomoa redio mbovu kwa kujifurahisha tu. Sasa Datius, mkulima wa kahawa asiyetengenezea mtu hata tochi, amekusanya matumbo ya redio zilizokufa, ameunda mtambo wake wa mawimbi mafupi, na unasikia hadi Japani. Si vituo vya matangazo. Watu, wamekaa majumbani kwao, wanaitana. Na jana, mezani, Klaudia, mke wa Volti mwenyewe, alikuwa anapakua ndizi, akasema: "Fundi Datius amemsikia Mjapani anakohoa." Fundi Datius! Chakula kilimshinda.

Taarifa alijisogeza katikati ya benchi, mahali pa kutolea habari.

— Mnaongelea kukoroma. Mimi nimepita kwenye ua wa Datius juzi jioni. Nimesikia sauti ya Kizungu inaita kutoka ndani: "Sikio! Sikio! Sikio!"

— Sikio la nani? — Balozi aliuliza.

— Hakutaja. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

— Mzungu anasema Kiswahili?

— Sikio alisema. Mengine yote Kizungu, lakini sikio alilitamka vizuri kukuzidi wewe.

Kilo alichukua punje mbili za kahawa badala ya moja.

— Jamani, ndama wa Balozi si amezaliwa na sikio moja dogo?

— Mawe, mama yangu! — Balozi alishika kichwa. — Na nilidhani ni mambo ya fahali!

— Achaneni na ndama, — alisema Taarifa. — Hapa tuko karibu na mpaka. Huyo anayeitwa sikio ni Datius mwenyewe. Yeye ni sikio, na mdomo uko Kampala. Kila gunia Kilo analopima, wanalo.

— Sasa wafanye nini na uzito wa kahawa ya bibi yangu? — Kilo aliuliza. — Mimi naona ni mambo ya nyumbani. Juzi nimesema neno hapa benchini kuhusu mama mkwe. Nafika nyumbani, mke wangu ameshalijua. Nani alimwambia?

Taarifa alitazama kwingine.

— Na mvua, — Balozi aliongeza, sauti imeshaanza kuwa ya mkutano. — Wingu linakuja kutoka ziwani limejaa, likifika kwenye ule waya linapasuka katikati. Nusu Muleba, nusu sijui wapi. Sisi tunabaki na vumbi.

Wakamgeukia Volti. Yeye ndiye aliyekuwa na kijikapu wakati huo.

— Wewe ndiye mtaalamu, — alisema Kilo. — Hilo sikio ni kitu gani?

Hapo ndipo palipomuuma. Yeye pia alikuwa amesimama nje ya ua ule, si mara moja, amejibanza kwenye mgomba kama mwizi wa ndizi. Alilisikia neno hilo kwa masikio yake. Hakulijua. Tangu lini kukawa na neno la redio ambalo Datius analijua na yeye halijui?

— Ni mambo ya kitaalamu, — alisema.

Kabla hawajambana, Datius mwenyewe akatokea anasukuma baiskeli, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma.

— Ndugu zangu, hamjambo?

— Hatujambo, — walijibu, kila mmoja kwa wakati wake.

Kwa desturi ya huko, mtu akifika anapewa kamwani kwanza, maneno baadaye. Hata uliye na hasira naye humnyimi. Kijikapu kilikuwa mapajani pa Volti. Volti akakifunika kwa kiganja.

— Kahawa imekwisha, — alisema.

Wote walizisikia punje zikicheza chini ya mkono wake. Datius naye alizisikia. Alitazama ule mkono kitambo, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeamua kutoumia.

— Sikai hata hivyo. Nimesikia mnasema kuna sikio kwangu.

— Tumesikia wenyewe, — Taarifa alijitetea.

— Si sikio. Ni herufi mbili za Kizungu, C na Q. Si-kyu. Mtu kakaa kwake na mtambo aliouunda kwa mikono yake, anaita: yeyote anayenisikia, anijibu. Basi. Mimi hata kujibu siwezi, sina kibali. Nasikiliza tu. — Akamgeukia Volti. — Kaka, nakungoja wewe. Kuuzungusha waya wa koili ya pili kumenishinda. Na zile spika za kuvaa masikioni nimezitenganisha, upande mmoja wangu, wa pili wako. Njoo basi.

Akaenda zake na ndizi zake. Laiti angejivuna! Mtu anayejivuna unaweza kumchukia ukatulia. Huyu alikuwa amemwekea sikio lake.

— Mtu aite herufi? — Taarifa alisema alipoona baiskeli imevuka barabara. — Mimi nikimtaka Kilo nitaita "Kei"?

Balozi alisimama, akajikung'uta.

— Volti, sikiliza. Mimi ni kiongozi, sifanyi kazi kwa kubahatisha. Wewe ndiye fundi. Kuna kitu kama hicho alichokisema, mtu kwake anaita dunia? Ukisema kipo, waya ubaki. Ukisema hakuna, Jumapili tukitoka misani naushusha, na mtambo naupeleka kwa katibu kata.

Volti aligeuka, kwa mara ya kwanza tangu akae, akautazama ule waya. Ulivutwa vizuri, haukulegea. Pale ulipounganishwa, lehemu ilikuwa imeshika safi, imezunguka mara mbili, vile vile alivyomfundisha.

— Mimi ndiye fundi wa redio hapa Nshamba, — alisema. — Kitu kama hicho hakuna.

— Basi, — alisema Balozi, akakaa.

Punde akafika mama mmoja mgeni, kabeba redio kichwani, imeviringishwa kwenye kitenge. Alijitambulisha kuwa ni Joviana, ametoka bondeni huko. Kilo alikitoa kijikapu chini ya mkono wa Volti, akampa. Mama alipokea kwa mikono miwili, akachukua punje, akakirudisha, akatafuna, akashukuru. Ndipo akauliza.

— Samahani, wazee wangu. Fundi wa redio anakaa wapi?

Zamani, mikono mitatu ingekuwa imeshamwangukia Volti begani kabla mama hajamaliza. Volti alingoja mikono hiyo. Taarifa alikuwa anachunguza kucha ya mguu. Balozi alitafuna, na hakuwa na kitu mdomoni. Redio ya Kilo ilikoroma. Angeweza kusema mwenyewe, "Ni mimi." Lakini fundi hajitaji. Fundi huonyeshwa na watu.

— Kwani hapa hakuna fundi wa redio? — mama aliuliza tena, taratibu, akiwatazama mmoja mmoja.

Mama akainua macho, akauona waya, akaufuata kwa macho kutoka msizi hadi mlingoti, hadi bati la nyumba.

— Aa, nimeshaona. Asanteni, wazee.

Akavuka barabara.

Kilo alikohoa. Akafunga kamba ya redio yake vizuri, akainuka.

— Mama wa watu asije akapotea, — alisema, ingawa nyumba ilionekana kutoka pale pale alipokuwa amekaa. Akaikumbatia redio, akamfuata.

Waliisikia ikikoroma barabara nzima, ikiingia kibanjani, ikipita chini ya waya. Ikanyamaza. Baada ya muda, kutoka kwa Datius, ikaanza kuimba, sauti nzima kutoka Dar es Salaam, mpaka Taarifa akajisahau akaanza kutikisa kichwa.

— Volti, — Balozi aliuliza, — si ulisema waya unakula sauti?

Volti aliingiza mkono kwenye kijikapu. Safari hii kahawa ilikuwa imekwisha kweli.