Mwalimu Aliyeigeuza DNA Kulia

Dada yetu, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Ngazi na sisi nyumbani tukafuata mkumbo, alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, mtoto wa pili kati ya watano. Wiki mbili kabla yake, wanasayansi walikuwa wametangaza umbo la DNA, ule uzi mwembamba ndani ya seli za mwili unaofanya mtoto afanane na wazazi wake. Alipokuja kulijua hilo alijigamba kwamba yeye na DNA ni marika. Mama alisema kwa kelele alizozaliwa nazo, yeye hakuhitaji kutangazwa na mtu.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1975 akahitimu chuo cha ualimu katika baiolojia. Mimi mdogo wake wa mwisho, ninayesoma wasifu huu, ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza, tena kwa lazima, chakula kikipoa mezani.

Alianza kazi Januari 1976 katika shule ile ile aliyokuja kustaafia mwaka 2013. Somo lake kipenzi lilikuwa DNA. Alisimulia jinsi maabara ya mwanasayansi mmoja mwanamke ilivyopata picha safi ya DNA kwa eksirei, jinsi picha hiyo ilivyoonyeshwa kwa wengine bila mama huyo kuulizwa, na jinsi wanaume wawili walivyounda mfano wa chuma na waya: nyuzi mbili zilizosokotana, zimeshikana kwa vidato kama vya ngazi. Akifika kwenye ile picha alipandwa na hasira utadhani imechukuliwa kabatini kwake.

Mwaka 1979 alitaka mfano wake mwenyewe, mrefu kuliko mtu, wa kuning'inizwa maabara. Akamwendea seremala mmoja na oda ya vipande mia mbili vya mbao, vya rangi nne. Seremala akauliza, "Ngazi gani hii, dada, isiyopandwa na mtu?" Akajibiwa, "Hii ndiyo iliyokupa hayo masikio." Seremala alijishika masikio, akakubali kazi, na haukupita mwaka akaleta posa. Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1980, wakajaliwa watoto wawili, wote na masikio yale yale.

Mfano ulining'inia miaka kumi na mmoja. Siku moja mwaka 1990, msichana wa mstari wa tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, mbona ya kitabuni inageuka kulia na yetu inageuka kushoto?"

Dada alicheka, akatazama, akaacha kucheka. Seremala alikuwa ameunakili kutoka kwenye slaidi iliyomulikwa ukutani, na slaidi hiyo dada yetu mwenyewe aliiingiza kinyume. Jioni ile mume na mke waliupindua mfano juu chini wakidhani utajirekebisha. Wapi! Kilichosokotwa kushoto, hata ukikisimamisha kwa kichwa, ni kushoto tu.

"Lakini wewe mume wangu, skrubu zako zote zinageuka kulia. Hukushtuka?"

"Nilidhani mwalimu anajua."

Mkuu wa shule alimshauri auache hivyo hivyo, kwani kuna mtu atakufa? Dada alisimama mbele ya shule nzima akasema amekosea. Akawakumbusha kwamba hata wale wanaume wawili mwanzoni walikosea, wakaunda nyuzi tatu, na yule yule mama wa eksirei akawaonyesha kosa. Kisha akaufumua mfano kidato kwa kidato, akausuka upya.

Kilichomkosesha raha ni waliokwisha kuondoka. Alikuwa amewafundisha watu 436 kitu kisicho kweli, naye akaapa kuwaambia wote kabla hajafa. Alichukua daftari za mahudhurio, akaanza kuandika kwa mkono: "Mwanafunzi wangu, DNA inageuka kulia. Nisamehe. Mwalimu wako." Mmoja alijibu kwamba siku hizi anauza viatu na alikuwa amesahau kabisa kama DNA ina upande. Dada akamwandikia tena: "Basi sasa umekumbuka." Tulimcheka sana, huku tukimbandikia stempu.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kudhoofika, miguu ikawa inavimba. Wodini alikaa na simu mkono huu na orodha mkono ule. Wiki ya mwisho walibaki watu tisa.

"Dada, pumzika," nilimwambia. "Tisa si wengi."

"Ungekuwa mmoja wao, ungesema hivyo?"

Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa moja asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Tunalia kwa sababu tulimpenda, lakini hatuna kinyongo, maana aliishi miaka sabini kama alivyotaka.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni seremala kama baba yake, wajukuu watano, kaka, dada na mimi.

Wale tisa hatujawapata. Kwa hiyo, ndugu uliyesimama hapa kaburini, kama ulisoma kwake kati ya mwaka 1979 na 1990 na barua haikukufikia, sikia: mwalimu wako alikosea. Inageuka kulia. Anaomba umsamehe.

Haya dada, pumzika kwa amani. Tumewaambia.